Ubavu Usioguswa wa Kinyozi

Kulikuwa na kinyozi ambaye hata angekuwa anazama kisimani, ukachungulia kutoka juu ukamuuliza habari za huko chini, angekujibu, "Safi tu, sijui wewe," ndipo aombe kamba. Mtaani walimwita Safi. Mkewe tu ndiye ambaye hakulitumia jina hilo. Yeye alimwita Baba Watoto akiwa na furaha, na "wewe mwanamume" akiwa hana.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na viti viwili, kimoja kizima na kingine cha kuwekea magazeti, kioo kikubwa ukutani, mashine tatu za kunyolea zilizoning'inia kwenye misumari na nyaya zao zimesukwa kama nywele za mtoto wa shule. Kulikuwa na benchi pia. Kwenye benchi hawakukaa wateja, walikaa wenye maoni, na mkuu wao alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye kila kiatu alichopokea kilikuwa "tayari kesho."

Sasa, wengi hudhani kinyozi ananyoa kwa mikono. Ananyoa kwa mwili mzima. Safi akifika sikio la kushoto la mteja alikuwa anaegemeza ubavu wake wa kushoto kwenye mgongo wa kiti, anatulia hapo, mkono unakuwa imara, na mashine inapita pale nyuma ya sikio bila wasiwasi. Ndivyo alivyofanya tangu ujana wake. Basi ugonjwa nao, kwa uungwana wake, ukachagua ubavu huohuo.

Ulianza kwa vipele vilivyojipanga toka mgongoni kuja mbele, upande mmoja tu. Mkanda wa jeshi. Vikaiva, vikapasuka, vikakauka, watu wakampa pole na kusahau. Lakini maumivu hayakuondoka na vipele. Yalibaki chini ya ngozi, moto mtupu, na ngozi yenyewe juu inang'aa kama haina kosa. Cha ajabu, hakuumia sana akigongwa. Aliumia akiguswa kidogo. Upepo wa feni, maji ya kuoga, pindo la shati: hivyo ndivyo vilivyomwonyesha nyota mchana.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mshonaji hashindwi na nguo. Alichukua mashati ya mumewe akayakata upande wa kushoto, toka kwapani hadi kiunoni, akakunja pindo vizuri, akampa. Mashati yenye dirisha.

"Safi, hilo dirisha halina pazia?" fundi viatu akauliza siku ya kwanza.

"Napunga hewa."

"Na maumivu?"

"Safi tu. Yanapungua."

Hayakupungua hata chembe. Lakini si hayo yaliyomnyima raha. Kilichomnyima raha ni kitanda.

Tangu waoane mkewe alilala upande wa kushoto, na akishasinzia mkono wake ulivuka wenyewe ukatua kwenye mbavu za mumewe. Ukitua hapo ndipo Safi naye anapata usingizi. Baada ya ugonjwa mkono ulitua mara moja tu, na mayowe aliyoyapiga yaliamsha hata jirani mwenye deni la usingizi. Mama wa watu akachukua mto wake akahamia chumba cha binti yao aliyekwisha olewa. Alihama kwa majonzi, akisema ni kwa muda tu.

Lakini muda una mambo. Kwanza ilihama redio. Kisha mafuta ya nywele. Asubuhi alikuwa anatoka kule akijinyoosha, anasema, "Jamani nimelala! Nimelala kama gunia!" na Safi anajibu, "Safi," huku roho inamuuma kuliko ubavu. Siku aliyokuta hata taulo la mkewe linaning'inia nyuma ya mlango wa kule, moyo ulimwenda mbio. Mwanamke akihamisha taulo, huyo amehamia. Aliogopa waziwazi, mtu mzima na mvi zake, kwamba mkewe ataizoea raha ya kulala peke yake na hatarudi tena.

Hilo ndilo lililompeleka hospitali. Moto angeuvumilia.

Kulikuwa na kliniki ya maumivu kwenye hospitali ya mjini, na fundi viatu aliposikia habari hizo alifanya lile ambalo marafiki hufanya. "Wanakuchoma sindano ndefu kama spoku ya baiskeli," akasema. "Inaingia hapa, unaisikia kule. Mimi sikutishi."

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, na soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeanza kucheka. Alisimama akampa shikamoo. Safi akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na tatizo lolote duniani.

"Sasa baba, maumivu yako, kati ya sifuri na kumi, unayapa ngapi?"

Safi aliona kumi ni kujigamba. "Tatu," akasema.

"Tatu!" mkewe akaruka kwenye kiti. "Daktari, mtu huyu analia shati likimgusa! Tatu ya nini? Andika tisa, mwanangu, na ukipata kumi andika."

Mkewe akaombwa kwa heshima asubiri nje.

Daktari akamweleza mambo kwa utaratibu. Chini ya kila ubavu umepita mshipa wa fahamu, na mmoja kati ya hiyo umeharibiwa na ule ugonjwa, sasa unapiga kelele bila sababu. Leo angeweka dawa ya ganzi kwenye mshipa mmoja, kwa kujaribu. Moto ukizima, mhalifu kapatikana, na juma lijalo angewekewa papo hapo dawa ya kukaa muda mrefu. Usipozima, wangehamia ubavu unaofuata. "Ganzi ni ya saa chache tu, jioni itakuwa imekwisha," akasema. "Mimi kazi yangu ni sindano, baba. Kazi yako wewe ni jibu. Bila jibu lako mimi napapasa gizani."

Kazi rahisi, si ndiyo? Subirini.

Alilazwa ubavu wa kulia. Wakampaka ule urojo wa baridi wa mashine ya kuonyesha ndani, na hapo tayari aliona cha mtema kuni, ila alikausha. Mashine iligoma kidogo, ikapigwa kofi la ubavuni na nesi, ikakubali. Sindano haikuwa spoku. Ilikuwa nyembamba, na daktari aliiingiza taratibu, macho kwenye kioo cha mashine, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo. Jasho lilimtoka. Akasogeza, akasita, akasogeza tena. "Pole baba. Pole sana. Bado kidogo."

Alipomaliza wakangoja, kisha akachukua kipande cha pamba akakipitisha ubavuni. Juu kidogo palikuwa pamekufa ganzi, Safi hakusikia kitu. Lakini chini yake, kidole kimoja tu chini, moto ulikuwa uleule, tena umekasirika.

"Habari ya hapa sasa, baba?"

Safi alimgeukia, na akauona uso wa yule binti. Aliujua uso ule kuliko uso wake mwenyewe. Ni uso wa kinyozi aliyemaliza kazi, ameshika kioo kidogo nyuma ya kisogo cha mteja, anangoja neno. Kajitahidi, kachoka, kiatu chenyewe kile, halafu mtu mzima umwambie amekosea? Huruma ikamshika.

"Nzuri sana, daktari," akasema. "Mkono wako mwepesi. Mungu akuzidishie."

"Kweli? Umezima?"

"Kabisa."

"Kati ya sifuri na kumi?"

"Moja," akasema Safi, maana sifuri ingeonekana anajipendekeza.

Yule binti akacheka kwa furaha, na Safi akajiona ametenda wema mkubwa. Kama mngemwona! Amelala pale anaungua, anatabasamu. Adui wa mtu ni mdomo wake. Kwani aliyoyafanya daktari baada ya hapo Safi hakuyapigia hesabu: alifungua mlango, akamwita mkewe, akamwambia, "Mama, tumempata! Mpaka jioni huyu hana maumivu."

Mkewe alimshika daktari mikono yote miwili, machozi yakamtoka.

Walipofika nyumbani mkewe hakula wala hakunywa maji. Aliingia chumba cha binti yao akatoka na mto. Akarudi akatoka na redio. Safi amesimama ukumbini anatazama taulo likirudi nyumbani, na hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Lala," mkewe akamwambia. Ilikuwa mchana mweupe, pazia limefunguliwa. "Njoo tulale kidogo kabla ya jioni."

Akalala. Angesema nini? Alibana meno, akafumba macho, akajiapiza kwamba safari hii atakufa kikondoo. Mkewe akajilaza upande wake wa zamani, akashusha pumzi ndefu, na mkono ukavuka.

Haki ya Mungu, alijitahidi. Lakini mwili hauna adabu. Aliruka kitandani akaenda kugonga kabati, na boksi la viatu lililokuwa juu ya kabati likamshukia.

Mkewe alikaa kitandani, mkono bado uko hewani. Aliuangalia mkono wake mbele na nyuma.

"Daktari amesema huna maumivu mpaka jioni," akasema.

"Mama Watoto..."

"Umemwambia moja. Nilikuwa mlangoni, nimesikia kwa masikio yangu. Pamba haikukuuma. Sindano haikukuuma." Sauti yake ilikuwa ndogo, na yeye si mtu wa sauti ndogo. "Kwa hiyo ni mkono wangu."

"Sivyo! Bado naumwa. Nilimdanganya yule binti, alikuwa anatoka jasho, nikaogopa kumvunja moyo."

"Ukaona bora univunje mimi."

Safi akaliokota boksi la viatu akalirudisha juu ya kabati.

"Unajua kwa nini nilipeleka redio kule?" mkewe akaendelea. "Kimya cha kile chumba kilikuwa kinanitisha. Nalala nimekodoa macho darini mpaka kunakucha, asubuhi nakwambia nimelala kama gunia ili usijilaumu. Kumbe mwenzangu umeshanichoka, ubavu ni kisingizio. Ungesema tu, wewe mwanamume. Nisingehama kwa machozi, ningehama kwa raha zangu."

Akachukua mto. Punde cherehani ikaanza kulia kule ukumbini, na mtu aliyeishi na mshonaji anajua cherehani inavyolia ikiendeshwa na hasira. Sare za darasa zima zilishonwa jioni ile.

Kesho yake Safi alikwenda kazini kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa fundi viatu. Safi alimnyoa kimya, akamaliza, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo.

"Safi," akasema fundi viatu, akaanza kuinuka.

"Kaa chini." Safi alisikia kitu kwenye hiyo safi. Aliifahamu, ilikuwa ya ukoo wake. "Niambie ukweli."

"Ukweli gani tena? Umenitoa vizuri."

"Fundi, jana nimeuficha ukweli nimepata hasara ambayo siwezi kukuhadithia. Niambie."

Fundi viatu akatazama benchi. Wenye maoni wote, kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo lichongwe, hawakuwa na maoni.

"Basi usikasirike," akasema. "Kulia uko vizuri, hujambo. Ila kushoto, nyuma ya sikio... ndugu yangu, unatuacha kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Toka uanze kuumwa. Huegemei tena, mkono unatembea."

"Wewe tu?"

"Mtaa mzima!" akasema mmoja wa benchini, bomba limepasuka. "Mkwe wangu aliniuliza kama nimeanguka!"

Safi akatoka mlangoni na mashine mkononi. Akatazama barabara. Muuza magazeti: kushoto mbuzi. Mpiga debe wa duka la vyombo: mbuzi. Mzee mmoja mstaarabu akapita, akamwinamia kwa heshima, na kushoto kwake mbuzi walikuwa wamelala kabisa. Watu wazima, wenye familia zao, walitembea na vichwa vya upande mmoja kwa miezi, wanamwambia safi, kwa sababu walimpenda.

"Kwa nini hamkusema?" akafoka. Hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. "Ningekaa kwenye stuli! Ningegeuza kiti! Ningejua ningerekebisha, nyie watu!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaichomoa mashine, akafunga duka, wenye maoni wakiwa bado ndani, wakabisha hodi ya kutoka ndipo akawafungulia.

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani.

"Twende hospitali," Safi akamwambia. "Nataka ukasikie mwenyewe ninavyosema. Usiponiamini huko, basi, taulo libaki lilipo."

Alikwenda, ila alitangulia mbele hatua kadhaa, njia nzima.

"Shikamoo baba," daktari akasema, akitabasamu. "Habari za toka jana?"

Safi alifungua mdomo, na neno lake la siku zote likaja mbio hadi kwenye meno. Akalirudisha. Nawaambia, huyu mtu alitoka jasho kuliko siku ya sindano.

"Mbaya," akasema.

Kalamu ya daktari ikasimama. Mkewe akageuka.

"Mbaya, daktari. Sindano yako haikusaidia. Pamekufa ganzi juu, moto uko chini, kidole kimoja. Na ile tatu ya mwanzo ilikuwa tisa kama alivyosema huyu mama. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umechoka. Nisamehe, mwanangu."

Yule binti hakuvunjika moyo hata kidogo. Alikasirika. "Baba! Juma lijalo ningekuwekea dawa kali mahali ambapo hapana kosa lolote! Halafu wewe unaungua, mimi nyumbani naringa!" Akamgeukia mkewe. "Mama, naomba leo uingie naye. Wewe ndiye utakuwa shahidi wangu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mkewe na daktari, afadhali. Na mkishamfungua mtu wa namna hii msitegemee kumfunga. Urojo ulipomgusa akasema ni wa baridi na unauma. Akasema mto ni mgumu. Akasema kitanda kina mteremko. Sindano ilipoingia akasema, "Hapo bado. Hapo bado. Shuka. Aaah! Huyo! Huyo ndiye!" kwa sauti iliyofika mapokezi, na nesi akamwomba, "Baba, tumeelewa." Akaongeza kwamba rangi ya ukuta nayo haipendezi.

Kisha akanyamaza. Wote wakangoja.

Moto ulikuwa unazima. Haukuondoka kwa mkupuo. Ulirudi nyuma taratibu, ukatoka mbele ya tumbo, ukatoka ubavuni, hadi ukabaki mgongoni kidogo, halafu hata huko akautafuta asiuone. Machozi yakamtoka yenyewe yakaingia sikioni. Daktari akapitisha pamba. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Maumivu?"

Safi akafikiri kwa makini. "Nusu," akasema. "Si sifuri. Nusu."

"Nusu nimeipokea," daktari akasema, akaandika. Akawaambia wazi: leo ni ganzi tu, jioni moto utarudi. Juma lijalo dawa yenyewe. Inaweza kuutoa wote, inaweza kuupunguza, pengine itabidi warudie. Hakuahidi zaidi ya hapo. Akamwita nesi wakatoka, wakawaachia chumba.

Mkewe alisimama mbali, mkoba kifuani.

"Njoo," Safi akasema.

"Sitaki. Utaruka tena, mimi sina moyo wa chuma."

"Nikiumia nitasema. Umenisikia leo nilivyosema."

"Nimekusikia. Hata rangi ya ukuta imekoma." Mdomo wake ulicheza kidogo, ila hakucheka. Akaweka mkoba chini. Akasogea, akanyoosha mkono, akausitisha hewani, kisha akaushusha kwa ncha za vidole. Safi hakutikisika. Akaweka kiganja chote.

Safi alikuwa amefumba macho. "Mbona huweki?" akauliza.

"Nimeshaweka."

Akafumbua macho akainua kichwa kutazama. Kweli, mkono ulikuwa pale, vidole vyake vyenye makovu ya sindano vimetandazwa juu ya mbavu zake, mahali pake palepale pa siku zote, na yeye hausikii, ni kama umewekwa kwenye ubavu wa mtu mwingine. Miezi yote ile aliyoulilia! Wakatazamana.

"Ni ganzi," mkewe akasema polepole, akaanza kuuondoa. "Basi, tungoje iishe."

Safi akaufunika mkono ule kwa wake, akaubana.

"Usiutoe. Twende nao hivihivi mpaka nyumbani. Ganzi ikiisha nataka iukute hapa."

"Itakuuma, Baba Watoto."

"Itauma sana," akasema. "Na nitakwambia inauma. Wewe usiutoe."